Mashine Iliyoulizwa Habari za Aziza

Rumonge, 14 Januari 1971

Kwa mudogo wangu Radjabu,

Assalam aleikum. Hapa nyumbani ni amani, amahoro. Mama anakusalimu. Mguu wake unamusumbua wakati wa mvua, lakini bado anakwenda sokoni mwenyewe kutafuta samaki wadogo wa ndagala, na akirudi anagombana na kila mutu. Mume wangu Feruzi anakusalimu pia. Kazi ya mitumbwi inaendelea. Mawese mwaka huu ni mengi, bei imeanguka.

Salamu zimekwisha. Mimi sikutaka kuandika. Ni Mama amekaa kwenye kitanda changu, ananiangalia mpaka nimalize.

Barua uliyomuandikia nilimusomea mimi. Unasema huko Liège mnafanya kazi na mashine kubwa kama chumba, inajifunza kama mutoto wa shule, na siku moja itajibu maswali ambayo watu wameshindwa. Mama amefurahi mpaka amewaambia wanawake wa mtaa muzima. Mimi nilicheka. Uliondoka mwaka uliofuata uhuru, bendera bado ikiwa mpya. Baba alipokufa ulituma telegramu. Sasa unatuletea mashine. Na usisahau nani alikufundisha kushika kalamu. Nafasi ya shule ilikuwa moja, Baba akakupa wewe, mimi nikarudi jikoni.

Mama anasema niulize juu ya binti yangu Aziza, ambaye hujamuona hata siku moja. Basi sikiliza. Alipokuwa mudogo, mikono na miguu ilivimba kama imepigwa. Sasa ni mukubwa kidogo, maumivu yanakuja na kuondoka: mara magoti, mara mugongo, mara kifua. Analia mpaka sauti inapotea. Homa inakuwapo. Macho yanakuwa ya manjano. Kule dispansere waganga wanamupa kinini, kila mara kinini. Wale watoto wawili niliowazika kabla yake waliumwa hivyo hivyo. Ndugu za Feruzi wanasema tumbo langu ni baya, wanamutafutia mwanamke mwingine.

Haya. Uliza mashine yako.

Dada yako, Zuwena


Liège, 22 Machi 1971

Kwa dada yangu Zuwena,

Waaleikum salaam. Mimi ni mzima. Baridi imeanza kupungua. Msalimie Mama, mwambie lile koti analoulizia kila mara ninalo na ninalivaa. Msalimie shemeji.

Nimesoma barua yako. Matusi nimeyaacha pembeni, nimechukua dalili.

Kwanza elewa jambo moja, ingawa najua utacheka tena. Daktari mzuri huona wagonjwa wengi mpaka anazeeka, na zaidi ya nusu huwasahau. Mashine haisahau. Tunaipa habari za watoto ambao ugonjwa wao umekwisha kujulikana: dalili zao, kisha jina la ugonjwa. Inakisia. Ikikosea inasahihishwa, inakisia tena, na hivyo hivyo mpaka makosa yanakuwa machache. Hakuna anayeipa kanuni, inazitafuta yenyewe. Profesa wangu anasema tayari kuna watoto ambao madaktari watatu waliwabishania, na mashine ikapatia.

Nimeipa dalili za Aziza. Jibu lake ni homa ya viungo, ule ugonjwa unaoanzia kooni ukashuka magotini na moyoni. Kwa hiyo achomwe sindano ya penisilini kila mwezi, bila kukosa hata mwezi mmoja. Kama Rumonge hakuna dawa, mpeleke Bujumbura.

Ndugu za shemeji waambie waache maneno ya matumbo mabaya. Tuko karne ya ishirini.

Ndugu yako, Radjabu


Rumonge, 30 Oktoba 1971

Kwa Radjabu,

Mama anakusalimu. Feruzi hakukusalimu. Jirani yetu Émérance, yule Mukongo wa Uvira, amepata mujukuu. Mvua zimeanza.

Nimekaa kimya miezi yote hii kwa sababu nilitaka kwanza nione mwisho wa sindano zako. Nimeuona.

Penisilini huku ilikuwa inakosekana, nikafanya ulivyoagiza. Kila mwezi nilimubeba Aziza mpaka Bujumbura, juu ya lori, katikati ya magunia. Unaijua ile barabara. Pale Muhuta, njiani, upepo wa ziwa unaingia mpaka kwenye mifupa. Tulikuwa tunafika amelowa, anatetemeka, anachomwa, tunarudi. Na kila tuliporudi, kesho yake maumivu yalikuja makali kuliko ya kwanza. Mwezi wa nane alishindwa hata kula kwa kulia. Aliniambia, "Mama, nimekosa nini?" Ningemujibu nini? Kwamba mujomba wake ana mashine?

Mwezi wa tisa Feruzi alikataa. Alisimama mlangoni akasema, "Huyu hapandi lori tena. Kama unataka kwenda, nenda wewe na barua ya ndugu yako." Tuligombana mpaka majirani wakaja. Nilikutetea. Sijui kwa nini nilikutetea.

Ulisema haikosei. Sasa imemutesa mutoto miezi sita, na hakuna wa kuisahihisha isipokuwa Aziza.

Usiandike tena kama huna la maana.

Zuwena


Liège, 18 Januari 1972

Kwa dada Zuwena,

Nawatakia nyote afya njema. Huku ni theluji. Mimi ni mzima. Mpe Émérance pongezi zangu.

Sikusema haikosei. Nilisema makosa yanakuwa machache. Soma tena.

Nilimpelekea profesa maneno yako, yale ya maumivu kuzidi baada ya baridi. Tukaangalia watoto waliofundisha mashine. Wote walikuwa wa hospitali za hapa Liège na vijiji vyake. Hapa mtoto akiumwa magoti na homa, mara nyingi ni homa ya viungo, kwa hiyo mashine ilijifunza kujibu hivyo. Haikuwa na njia ya kujua kwamba kuna watoto wengine.

Profesa akaandika kwa hospitali moja ya misheni huko Kivu. Wakatuma majalada ya watoto wao wa miaka mingi. Yamekaa kwenye masanduku, mengi yameandikwa "malaria" na si malaria. Nimeyasoma na kuyaingiza moja moja, usiku na mchana, tangu yalipofika Desemba. Baada ya hapo tuliiuliza mashine upya, na jibu limebadilika.

Aziza ana ugonjwa wa damu. Chembe za damu yake, badala ya kuwa mviringo, hujikunja kama mundu na kuziba njia, na pale zinapoziba ndipo anapolia. Daktari mmoja hapa ambaye alifanya kazi Kongo amethibitisha. Wazungu wanaujua ugonjwa huu, lakini katika majalada yale ulikuwa umefichwa chini ya majina mengine, daktari mmoja wa misheni kaandika hivi, mwingine vile, na hakuna aliyewahi kuyaweka yote pamoja mpaka mashine.

Dawa ya kuuondoa haipo. Lakini fanya haya. Anywe maji mengi kila siku, hata kama hana kiu. Asipatwe na baridi wala kulowa. Asichoke sana. Homa ikija, atibiwe siku hiyo hiyo.

Na kuna jambo la mwisho. Ugonjwa huu hautoki kwa mama peke yake. Mtoto huupata akipewa na baba na mama wote wawili, nao wenyewe wanaweza kuwa wazima kabisa. Mwambie shemeji. Mtoto mwingine mkimzaa, anaweza kuwa mzima, anaweza kuwa kama Aziza.

Radjabu


Rumonge, 16 Aprili 1972

Kwa Radjabu,

Mama anakusalimu, anakohoa kidogo. Ndagala ni nyingi, pwani yote inanuka samaki. Aziza anakunywa maji kama ng'ombe, amechukia kikombe.

Barua yako ilichelewa, na nilipoisoma niliichana. Halafu nikaokota vipande, kwa sababu ya yale maneno ya maji na baridi.

Nilimuambia Feruzi. Nilimukuta anapiga randa ubao. Nikasema, "Radjabu ameandika. Ugonjwa wa Aziza iko ndani ya damu. Umetoka kwangu."

Akasema bila kuniangalia, "Hilo ndugu zangu walisema zamani."

"Na kwako. Ukitoka kwa mumoja tu, mutoto haumwi."

Akasimamisha randa. "Nani amesema?"

"Mashine."

"Mashine imeniona wapi mimi?"

"Haijakuona. Imesoma habari za watoto wengi kama Aziza."

Alipangusa vumbi la ubao kwa kiganja. Baadaye akauliza, "Na wale wawili?"

"Wale pia."

Alishika randa tena lakini hakupiga, alikuwa anaishika tu. Jioni alikwenda kwa kaka zake akawaambia hataki tena kusikia habari za mwanamke wa pili. Walimutukana, akawatukana pia. Alirudi na shati limechanika.

Usifikiri ninakushukuru. Unaandika, "haikuwa na njia ya kujua kwamba kuna watoto wengine." Mashine haikujua, sawa. Wewe je? Wewe ulizaliwa hapa. Ulicheza na watoto wenye macho ya manjano, tuliwazika pamoja, ulibeba udongo kwa mikono yako. Ulipokuwa unailisha watoto wa Liège, hukukumbuka kama wewe mwenyewe iko mutoto wa Rumonge? Au ulishasahau? Mimi nilimupandisha binti yangu lori kwa sababu ya mutu aliyesahau.

Na nijibu jambo moja, bila profesa. Mimi na wewe tumetoka tumbo moja. Mama kila siku anahesabu wasichana wa kukuoza. Damu yako umepima?

Zuwena


Liège, 20 Mei 1972

Dada yangu,

Sijui kama barua hii itafika. Redio hapa inasema kuna mauaji Rumonge na Nyanza-Lac, inasema kwa dakika moja halafu inapiga muziki. Niliandika wiki ya kwanza ya mwezi huu, na juzi bahasha ile imerudi na mhuri kwamba haikufika.

Mama yuko wapi? Aziza? Feruzi? Andika hata mstari mmoja. Nitukane, lakini andika.

Radjabu


Ujiji, 28 Agosti 1972

Kwa Radjabu,

Assalam aleikum. Tuko Ujiji, kwa ndugu za Mama, watu wa marehemu babu. Wametupa chumba kimoja. Mama ni muzima, ila amekuwa mutu wa kunyamaza. Aziza ni muzima.

Barua zinafunguliwa, kwa hiyo usiniulize ni akina nani. Nitasema niliyoyaona mimi tu.

Ilianza Jumamosi, mwisho wa mwezi wa nne. Tulisikia kelele upande wa soko, tukafikiri ni ugomvi wa wavuvi. Halafu watu wakaanza kupita wanakimbia, mwingine hana kiatu, mwingine ana mutoto wa mwenzake. Wenye mapanga walikuja kwanza. Tulijifungia. Siku zilizofuata walikuja wengine, na hao walikuwa na bunduki na malori, na wanaume wa mtaa wakaanza kuitwa nje kwa majina.

Feruzi alisema tuondoke. Asubuhi na mapema alitupeleka ziwani, kwenye mtumbwi wa Lukeba muvuvi. Ulikuwa umejaa mpaka maji yanaingia. Mama akapanda, nikapanda na Aziza. Nikamuambia Feruzi, "Panda." Lukeba akasema, "Mutu mumoja tena, tunazama wote." Feruzi akasukuma mtumbwi akiwa ndani ya maji mpaka kifuani. Akasema, "Nitakuja na wa kesho." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho.

Tulipita Kigwena, moshi ulikuwa juu ya michikichi. Hatukutia nanga. Ziwa lilichafuka, tukalowa wote. Kabla hatujafika Nyanza-Lac Aziza alianza. Ilikuwa miguu kwanza, halafu kifua. Alipiga kelele, na watu wakaniambia, "Munyamazishe, tutasikika." Mwanamume mumoja akasema afadhali atupwe kuliko tufe wote. Mama alimuangalia mpaka yule mwanamume akashusha macho.

Nilivua kitenge changu nikamufunga, Mama akamulalia juu kumupa joto. Nikachota maji ya ziwa nikamunywesha. Akatapika, nikamunywesha tena. Walisema ninamuua kwa maji. Niliendelea mpaka Kigoma, mikono haina hisia. Nilifanya uliyoandika, sikuwa na kingine. Tulipofika pwani alikuwa amelala, anapumua.

Basi, hapo mashine yako ilikuwa na maana. Nimesema, na sitasema mara ya pili.

Mtumbwi wa kesho haukuja. Wanaofika hapa, mumoja anasema Feruzi alipandishwa lori, mwingine anasema alionekana Bujumbura, mwingine anasema yuko Baraka, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Nimeuliza kila mutu anayeshuka pwani, na nimechoka kuuliza. Wewe uliandika kwamba itajibu yale watu wameshindwa. Watu wameshindwa. Iulize Feruzi iko wapi. Ilishe malori, ilishe majina, ilishe chochote inachokula.

Ukishindwa, usiniandikie tena neno mashine.

Na swali la damu yako bado hukujibu.

Zuwena


Liège, 9 Oktoba 1972

Kwa dada yangu Zuwena,

Waaleikum salaam. Nilipoona mwandiko wako kwenye bahasha nilikaa chini ngazini, sikuweza kufika chumbani. Msalimie Mama. Wasalimie wenyeji wetu wa Ujiji, waambie asante.

Siwezi kuiuliza. Unajua hivyo, na uliniuliza ili niandike kwa mkono wangu kwamba siwezi. Nimeandika. Mashine hujifunza kwa mambo yaliyotokea mara nyingi na kuandikwa. Malori yale hakuna aliyeyaandika. Na hata yangeandikwa, ingeniambia wanaume wangapi kati ya mia hurudi, isingeniambia kama Feruzi ni mmoja wao. Nimepeleka jina lake kwa shirika la hapa linalotafuta watu. Karani alilipokea pamoja na mengine mengi, hakuniahidi kitu.

Damu yangu nilipima Februari. Ninaubeba ugonjwa ule, kama wewe, bila kuumwa. Majibu niliyapata kabla barua yako ya Aprili haijafika. Kulikuwa na msichana hapa, wa Katanga. Yeye pia alipima. Naye anaubeba, tukaachana.

Nina jambo la kuomba, nalo nitaliandika ingawa najua hasira yako. Profesa anataka kumwingiza Aziza kati ya watoto wanaoifundisha mashine. Mimi pia nataka, na sababu yangu si ya profesa. Yale majalada ya Kivu niliyafungua mwenyewe, na kila ukurasa wa mwisho ulikuwa na neno moja. Wote walikufa, Zuwena. Hospitali ilituma majalada yaliyofungwa. Wanaoishi wako majumbani, hawana majalada. Kwa hiyo mashine inaujua ugonjwa huu kwa watoto waliokufa tu. Ukiipa mtoto kama Aziza inataja jina la ugonjwa bila kukosea, halafu ukiiuliza mwisho wake, inajibu kifo. Kila mara. Madaktari wameanza kuisikiliza. Naogopa siku watakapoacha kumtibu mtoto kwa sababu mashine imekwisha kusema.

Nipe ruhusa niandike kwamba Aziza yuko hai. Nahitaji umri, uzito, siku za maumivu, na yale uliyofanya mtumbwini.

Radjabu


Ujiji, 21 Novemba 1972

Kwa Radjabu,

Mama anakusalimu. Alilia kwa ajili ya yule msichana wa Katanga, halafu akaniuliza jina lake, nikasema hukuandika.

Habari za Feruzi hakuna.

Aziza nilimusomea barua yako, isipokuwa ukurasa wa watoto wa Kivu. Sasa anajua kusoma kidogo, kwa hiyo ukurasa ule nimeuchoma. Akauliza, "Mujomba ananijua sura?" Nikasema hapana. Akauliza, "Sasa ataandika nini?" Nikamupa kikombe chake cha maji.

Nikakaa na ombi lako siku nyingi. Kuna siku nilisema hapana, kwa sababu kila kitu cha nyumba hii kimechukuliwa, na huyu mutoto ndiye nimebaki naye, sitamutoa hata kwa maneno. Siku nyingine nilifikiria mama mumoja ambaye simujui, amekaa mbele ya daktari, na daktari anafunga jalada kwa sababu mashine imesema. Siku hiyo nilishika kalamu niandike uzito wake. Halafu hasira ikanirudia.

Wewe unataka kumuandika mutoto aliye hai, na hujawahi kumushika mkono. Unataka siku za maumivu. Njoo uzione. Kaa naye asubuhi moja ambayo hawezi kuvaa nguo mwenyewe. Kaa naye pia siku ya pili, anapokimbizana na wenzake huko pwani na mimi ninapiga kelele apumzike, ananicheka. Zote mbili ziandike kwa mkono wako. Mimi sitakutumia kwa posta.

Kutoka Dar es Salaam kuna treni mpaka Kigoma, wanasema siku mbili hivi. Kigoma mpaka hapa si mbali. Uliza nyumba ya watu wa Rumonge, kila mutu atakuonyesha.

Ukifika, Mama atakufungulia mlango. Mimi usinitegemee.

Zuwena